Kusajili Kozi za Mwaka wa Kwanza Marekani Ukiwa Bado Mtwara

Siku ya kusajili kozi nilikaa sebuleni kwa mama, Mikindani, tangu saa moja asubuhi, kompyuta mapajani. Chuo kilikuwa kimeandika kwamba dirisha linafunguliwa saa moja asubuhi. Saa moja ya kwao! Chuo changu kiko mashariki mwa Marekani, na wakati wa joto kule wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo saa moja yao ni saa nane mchana kwetu. Kufika saa nane, bando nilishalimaliza kwa kungoja, umeme umekatika, chaji asilimia tisa. Andika saa ya chuo na saa ya nyumbani kwenye karatasi moja, ibandike ukutani. Bando la siku hiyo usimgawie mtu, hata mdogo wako akilia.

Vyuo hivi vidogo vya sanaa huria (liberal arts) unaingia bila fani. Kwa kawaida unaitangaza mwishoni mwa mwaka wa pili, na kabla ya hapo unatakiwa uonje sayansi, jamii, sanaa na lugha. Mjomba wangu wa Newala aliponiuliza ninakwenda kusomea nini, nikamjibu, "Bado, mjomba." Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kwetu mjomba hajibiwi hivyo. Tafuta jibu lako mapema: mimi baadaye nilimwambia mwaka wa kwanza ni wa kupima udongo kabla ya kupanda mikorosho, akaridhika.

Kosa nililokaribia kulifanya ni kusajili kombi yangu ya kidato cha sita. Nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, basi orodha yangu ya kwanza ilikuwa historia, fasihi na kitu chochote chenye harufu ya jiografia, kwa sababu chuo chenyewe hakina idara ya jiografia. Mshauri wa masomo, ambaye kila mwanafunzi mpya hupangiwa wake, aliniuliza kwa simu ya video kwetu kukoje. Nikamweleza gesi ya Mnazi Bay, na bomba linaloipeleka Dar es Salaam. Akaniuliza, "Na jiolojia hujaiweka?" Sikuwa hata nimefungua ukurasa wake. Nilidhani ni ya watu wa PCM, wale wa fizikia, kemia na hesabu, kumbe kozi za kuanzia hazidai sana usuli wa sayansi.

Kwa hiyo kaa na daftari. Pakua katalogi ya kozi usiku, bando likiwa nafuu, kisha isome bila intaneti. Namba za kozi zinakupa fununu: penye mfumo wa mamia, zinazoanzia 100 huwa ni za wanaoanza, na 300 ni za waliokwisha kupita nyingine. Kwenye ratiba, herufi R ni Alhamisi, maana T imeshachukuliwa na Jumanne. Mimi niliisoma kama Jumapili, sijui kwa nini. Kwa kawaida utasoma kozi nne kwa muhula, na moja mara nyingi ni semina ya mwaka wa kwanza yenye watu wachache na insha nyingi. Hata hivyo andika kumi, kwa mpangilio wa unavyozitaka, na uhakikishe saa hazigongani. Zinajaa kwa dakika. Usipunguze ovyo pia: visa ya mwanafunzi, F-1, inakutaka usome kwa muda wote.

Jaribio la hesabu la kukupangia darasa lifanye mwenyewe. Rafiki yangu mmoja alijitolea kunifanyia, nikakataa, na nashukuru, kwani ningepelekwa darasa la kunizamisha. Lugha ya kigeni, uliza kama Kiswahili chako kinakuondolea sharti hilo. Vyuo vingine hukubali.

Kadi ya chanjo itafute leo. Yangu ililiwa na mchwa, na nilipoingia kwenye akaunti nikakuta nimefungiwa usajili kwa sababu yake. Vyuo vingi hutaka uthibitisho wa surua, matumbwitumbwi na rubela. Kama ndiyo kwanza umemaliza kidato cha sita na umeitwa JKT, waandikie chuo kabla hujaondoka, maana kambini hutashika simu unavyotaka.

Umeme uliporudi, saa kumi na nusu, jiolojia ilikuwa imejaa. Nikajiandikisha kwenye orodha ya kusubiri, nikamwandikia mwalimu sentensi nne: jina langu, ninakotoka, habari ya gesi, na kwamba nitakuja darasani siku ya kwanza hata bila kiti. Wiki za mwanzo wa muhula zina ruhusa ya kuongeza na kuacha kozi. Siku ya tatu mwenzetu mmoja akahamia kemia, nikakaa pale alipokuwa amekaa.