Pistoni ya chupa ya krimu: ipande bila kukwama, wala isionekane

Mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anatengeneza krimu ya liwa kwa mafuta ya nazi. Alitaka chupa za pampu zisizoingiza hewa, watu waache kuchovya vidole. Pistoni alizopata, yaani vizibo vya ndani vinavyopanda kadiri krimu inavyopungua, zilikuwa nyeusi, na ukutani mwa chupa zilionekana kama mende anayepanda. Akaniomba nimchoree nyingine.

Chupa hizi hazina mrija. Pampu ikitoa krimu, juu ya pistoni shinikizo linapungua. Hewa ya nje inaingia kwa kitundu cha kitakoni na kuisukuma pistoni. Si kama bomba la sindano, ambalo lina kidole cha kulisaidia.

Hatua ya 1: Ijue plastiki

Tazama namba iliyo ndani ya pembetatu kitakoni. 5 ni polipropilini, na ndiyo niipendayo kwa chupa. Pistoni iwe ya polithini, ambayo ni laini zaidi na inateleza vizuri juu yake.

Hatua ya 2: Pima chupa, na uipime yote

Hapa ndipo nilipopoteza siku nne. Nilipima mdomo wa chupa kwa vanie, kile kipimio chenye meno ya kupima upana, nikapata milimita 30.1, nikakereza pistoni ya 30.5 nikijua itabana vizuri. Juu iliteleza. Nikaishusha hadi chini, nikajaza krimu, nikabonyeza: kimya. Mama akanicheka: "Mwanangu, pistoni yako imegoma kama punda wa matofali."

Nikaituhumu pampu, nikabadilisha tatu. Nikaituhumu krimu kwa uzito wake. Nikapanua kitundu cha kitakoni. (Kitundu nacho kikague mapema, maana chupa moja ilikuwa imezibwa na kibandiko cha bei!) Mwisho nikaikata chupa kwa msumeno mwembamba, pete sita kutoka juu hadi chini, nikapima kila moja. Ile ya chini ilikuwa 29.6. Kumbe chupa iliyotoka kwenye kalibu huwa imesinyaa kidogo kuelekea kitakoni, ili iweze kuchomoka, na meno ya ndani ya vanie hayafiki huko. Pistoni yangu ilikuwa imebanwa karibu milimita nzima pale pale inapoanzia safari.

Kwa hiyo toa chupa moja sadaka, uikate. Pima kila pete mara mbili, kwa kipenyo na kwa kipenyo cha kukatiza, kwani nyingine si duara kamili. Lainisha kingo kwa wembe kwanza, la sivyo unapima makapi ya msumeno. Usikate chupa ya shehena nyingine ukadhani ni ileile. Mimi, tofauti ya juu na chini ikipita 0.5, natafuta chupa nyingine. Usijaribu kuitibu kwa sandpepa. Nimejaribu, na mikwaruzo inavujisha.

Hatua ya 3: Chora

Kwenye pistoni weka midomo miwili, yaani kingo zinazogusa ukuta wa chupa, wa juu na wa chini, iliyopanuka kwa nje, myembamba kama 0.4 nchani. Kipenyo cha midomo kizidi pete pana kuliko zote kwa 0.2, yaani yangu ikawa 30.3. Kiwiliwili kisiguse ukuta kabisa.

Midomo iachane angalau theluthi ya kipenyo. Ikikaribiana, pistoni inalala upande na kukwama kama droo iliyovutwa kona moja. Ikiachana mno, inakula nafasi ya krimu.

Kichwa kifuate umbo la chini ya pampu, ili mwisho wa safari vikae kama kofia na kichwa. Ndani iwe na uwazi na kuta zilingane unene, kwa sababu plastiki nene ikipoa hujivuta na kuharibu duara. Rangi ichukue ya krimu, bila pete wala nembo. Hapo ndipo inapopotea machoni.

Hatua ya 4: Kereza, kisha jaribu

Printa ya 3D naiheshimu kwa kuonyesha umbo tu. Mistari yake inapitisha hewa. Kereza kipande cha polithini kwenye mashine, na ukiridhika peleka kwa watu wa kalibu.

Pindua chupa tupu iliyokatwa kitako, ingiza pistoni kwa upande huo mwembamba, weka kijiti juu yake na pakiti ya sukari ya nusu kilo. Ikishuka polepole bila kusita, inafaa. Ikihitaji kilo, pampu ndogo haitaiweza.

Iloweke pia kwenye krimu yenyewe wiki mbili, kisha uipime tena. Mama yule hutia mafuta ya karafuu, na mafuta ya namna hiyo yanaweza kuivimbisha polithini.

Hatua ya 5: Jaza

Sukuma pistoni hadi chini, mimina krimu polepole hadi ifurike kidogo, funga pampu. Mibonyezo mitatu minne ya mwanzo itatoa hewa. Ukifika kumi bila krimu, angalia kitundu. Kikiwa wazi, shika msumeno.