Kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, Kondoa

Wengi wanaokwenda Kolo kwa haraka hurudi wakisema wameona madoa mekundu tu. Michoro ilikuwepo mbele yao, muda ndio haukutosha. Ukiwa na siku moja, shika mapango matatu ya upande wa kilima cha Mongomi wa Kolo, yanayotambulika kama B1, B2 na B3, na usiongeze mengine. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Hayaishi kwa siku moja wala kwa wiki.

Kijiji cha Kolo kiko kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, lami mwanzo mwisho, kama kilomita 180 kutoka Dodoma na zaidi kidogo ya 20 baada ya Kondoa mjini. Kwa basi, panda Stendi ya Nanenane, Dodoma, alfajiri, lakini uliza kwanza linaishia wapi. La Kondoa litakuacha Kondoa. La Babati au Arusha linapita Kolo penyewe.

Anzia ofisi ya eneo la michoro hapo Kolo. Ndipo unapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na bila mwongozaji unaweza kupita chini ya mwamba wenye michoro usijue. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla hujatoka Kondoa.

Kutoka ofisini hadi chini ya kilima ni kama kilomita 10 za njia ya vumbi. Gari dogo hukwama kwenye mchanga wa korongo. Tumia gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, au bodaboda wa hapo hapo Kolo anayeijua njia. Patana naye bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote pamoja, kabla hajawasha pikipiki. Mvua zikishika, kati ya Desemba na Aprili, korongo huweza kufunga njia. Sehemu ya mwisho ni ya miguu na ina mwinuko mkali: vaa viatu vinavyoshika mwamba, beba maji lita mbili kwa kila mtu.

Ukifika chini ya mwamba, kaa kwanza. Macho yaliyotoka juani yanahitaji dakika tano hadi kumi ndipo yatofautishe wekundu wa rangi na wekundu wa jiwe lenyewe. Rudi hatua nne nyuma, utafute mnyama mkubwa: twiga, tembo au pofu, yule swala mkubwa. Mgongo wake ni mstari mrefu, jicho huukamata upesi. Ukishampata, watu huanza kujitokeza pembeni yake, wembamba na warefu kupita kiasi, kichwa duara chenye mistari ambayo wengine huisoma kama nywele na wengine kama kinyago. Hapo ndipo usogee karibu uone mstari ulivyo mwembamba. Mkono uliouchora haukutetemeka.

Michoro hii myekundu ni ya wawindaji na wakusanyaji, ambao Wasandawe huhusishwa nao. Ile myeupe ilikuja baadaye, ya wakulima, imepakwa kwa kidole, minene, mara nyingi ni maumbo tu. Tafuta mahali nyeupe ilipopita juu ya nyekundu, uzitazame tabaka hizo mbili bila haraka. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa kwa mkono miaka ya 1950, na njia hiyo bado inafaa: beba daftari na penseli, uchore umbo moja tu. Utaona mguu au upinde ambao ulikuwa umeuruka.

Kwa picha, zima flashi na upunguze mwanga kwenye simu, maana jiwe linalopigwa na jua hufanya rangi ififie. Programu ya DStretch huikuza rangi nyekundu ambayo macho hayaioni tena. Usimwagie mchoro maji ili ung'ae. Ndivyo watu walivyofanya zamani kwingi, na chumvi inayobaki maji yakikauka hufunika rangi. Usiguse, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki. Usiburuze miguu pia, vumbi lake hutua ukutani. Sakafu nayo ni kumbukumbu, na inauma kuona mashimo ya waliochimba wakitafuta mali inayosemekana kuzikwa na Wajerumani.

Mongomi bado ni mahali pa tambiko kwa Warangi. Ukikuta vitu vilivyowekwa chini ya mwamba, usiviguse wala kuvipiga picha kabla ya kumuuliza mwongozaji. Na kama siku hiyo kuna wenyewe wanaoomba, mnasubiri chini mpaka wamalize.