Kuanza kutengeneza mishale yako mwenyewe nyumbani, kwa tuliopo Dodoma na jirani

Jirani yangu hapa Nkuhungu ana shotigani yake ya leseni, juzi kaniuliza kama inawezekana kujaza upya maganda ya risasi nyumbani maana ameona Wamarekani wanafanya. Ni kweli kule ni kawaida, mtu ana kimashine chake gereji na mzani na kopo la baruti, ila kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, nikamwambia asijaribu hata kwa kujifunza, anunue kwa muuzaji mwenye leseni yaishe. Lakini nilimuelewa anachokitaka. Anataka ile kazi ya jioni mezani, kupima kitu kimoja kifanane na cha pili na cha tatu, halafu unaenda kupiga unaona vyote vinatua sehemu moja. Hiyo ipo kwenye mishale, na sisi watu wa kanda ya kati hatuhitaji kuifuata mbali, Wasandawe wa Kwa Mtoro kule Chemba wamekuwa wakitengeneza tangu enzi na enzi, na babu yangu mzaa mama alikuwa nayo podo nzima ukutani.

Jambo moja nataka ulishike kabla hujashika kisu, usitafute mshale mzuri, tafuta mishale sita inayofanana. Mi nilianza vibaya hapo, nikatengeneza mmoja mmoja, kila mmoja naupendezesha kivyake, siku ya kupiga umbali wa mita 10 tu kila mmoja ukaenda upande wake na nikakaa miezi nalaumu mkono wangu. Mkono haukuwa na shida, fito ndo zilikuwa tofauti, moja ngumu, nyingine laini, moja gramu 29 nyingine 41.

Kwaiyo tuanze na ufito. Huku kwetu mti wa kuanzia nao ni mkole, unatoa machipukizi marefu yaliyonyooka hasa pale ulipokatwa ukachipua upya. Kata kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba, mti ukiwa hauna maji mengi. Kata shambani kwako au kwa mtu aliyekuruhusu, usiingie msitu wa hifadhi na panga, kule ni mpaka kibali cha TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu. Chagua fito zenye unene wa kidole kidogo, milimita 10 au 11 na ganda lake, urefu sentimita 90 ili ubaki na pa kukata. Ukitaka sita nzuri kata ishirini, usione nyingi, nusu zitapasuka au zitagoma kunyooka.

Kukausha ndo watu wengi wanapoharibu, na Dodoma inaharibu haraka kuliko kwingine sababu ya upepo mkavu. Ufito ukiuacha juani siku mbili unapasuka mwisho kwa mwisho. Usitoe ganda kwanza. Yeyusha mshumaa, chovya ncha zote mbili, halafu funga fito zote pamoja bunda moja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliochanwa, kaza kweli kweli maana zikikaukia pamoja zinanyooshana zenyewe, ning'iniza kivulini ndani ya nyumba. Wiki mbili ndo unafungua, unakwangua ganda, unafunga tena. Kujua kama zimekauka usibahatishe kwa kuzigusa, pima moja kila Jumapili kwenye mzani mdogo wa kidijitali, ule wa gramu wanaotumia masonara, uzito ukiacha kushuka basi tayari. Kiangazi huwa inanichukua kama wiki sita.

Kunyoosha ni kwa moto. Jiko la mkaa lililokolea lisilo na ulimi wa moto, unapitisha ile sehemu yenye kibiongo juu yake huku unazungusha, mpaka ikiwa ya moto kiasi cha mkono kukataa kuishika, unaikunja upande wa pili ikivuka kidogo mstari, unaishikilia hivo hivo mpaka ipoe. Ikipoa ndo unaachia, ukiachia mapema inarudi. Halafu unafumba jicho moja unachungulia kutoka mwisho kama fundi seremala anavyochungulia ubao, utaona kibiongo kingine, unarudia. Ufito mmoja unaweza kula nusu saa, na kesho yake utakuta umepinda tena kidogo, ni kawaida, siku ya tatu unatulia. Ukiona unaungua na kuwa mweusi umezidisha, hiyo sehemu imeshakuwa dhaifu, huo ufanye kijiti cha kuchokolea jiko. Mwisho unapiga msasa mpaka unene uwe kama milimita 8 na nusu.

Sasa kipimo cha ugumu, hapa ndo pana utamu wenyewe. Mshale ukiachiwa haukai kama chuma, unajipinda ukizunguka mti wa upinde halafu unajinyoosha mbele, ukiwa mgumu sana au laini sana kwa upinde wako hauwezi kuzunguka vizuri. Ndo maana ugumu lazima uendane na nguvu ya upinde. Pima nguvu kwanza, chukua ule mzani wa kuning'iniza wa kupimia mizigo, ning'iniza upinde kwa kamba yake, vuta mpaka pale unapovutaga siku zote, soma kilo, zidisha kwa 2.2 upate paundi. Kilo 18 ni kama paundi 40.

Halafu tengeneza kipimo cha ufito, hakihitaji hela. Piga misumari miwili kwenye ubao ukutani, usawa mmoja, kati yake sentimita 66. Laza ufito juu yake, katikati ning'iniza chupa ya maji yenye uzito wa gramu 907 (pima pamoja na chupa na kamba yake, ongeza maji au punguza mpaka ifike). Angalia katikati imebonyea milimita ngapi. Chukua 660 gawanya kwa hizo milimita, jibu ndo ugumu wa ufito kwa paundi. Ikibonyea milimita 16 na nusu ni 40, ikibonyea 22 ni 30. Kwa pinde zetu za kienyeji ambazo hazina mkato pembeni wa kupitishia mshale, chukua ufito ulio chini ya upinde kwa paundi tano mpaka kumi, upinde wa 40 mpe ufito wa 30 hadi 35. Ufito wa mti haubonyei sawa pande zote, uzungushe robo, pima tena, weka alama ya penseli upande mgumu, huo upande mgumu ndo utakaolala kwenye upinde. Andika namba ya kila ufito kwenye ufito wenyewe. Ukimaliza zote ishirini utashangaa, zile ulizoona kwa macho ni mapacha zinapishana paundi kumi na tano. Chagua sita zilizokaribiana, na uzito usipishane zaidi ya gramu moja.

Urefu, vuta upinde, mtu akuwekee alama ufito ulipofikia kwenye mti, ongeza sentimita 5. Usikate mfupi kamwe, mshale mfupi ukivutwa ukapita nyuma ya mti unaingia mkononi. Upande mnene uwe mbele, mwembamba nyuma.

Mbele natumia msumari wa inchi tatu nilioukata kichwa ukabaki sentimita 5, natoboa ufito polepole kwa keekee ya milimita 4, nusu ya msumari inaingia ndani na gundi ya kuchanganya ya tyubu mbili. Ili mti usipasuke ukigonga, mdomo unavishwa pete ya bomba la shaba, vipande vya sentimita mbili mafundi friji wanavitupa, ukiomba wanakupa. Pete na msumari ni gramu 8 au 9, zinatosha. Tafuta sehemu mshale unapokaa sawa juu ya kidole, iwe mbele ya katikati kwa sentimita 7 mpaka 10, hapo unaruka bila kuyumba.

Nyuma unakata ule mfereji wa kukalia kamba, nafunga misumeno miwili ya chuma pamoja napata upana unaotosha, kina kama milimita 7, halafu namalizia na msasa uliokunjwa. Kamba iingie kwa kubana kidogo tu, mshale ukiuning'iniza usidondoke, ukiupiga kidole udondoke. Chini ya mfereji zungushia uzi wa mafundi viatu mara kumi na tano umwagie gundi, hapo ndo pa kwanza kupasuka. Wazee walitumia ukano wa mnyama uliotafunwa, ukikauka unabana kuliko uzi wowote, ila mi nanunua uzi Sabasaba.

Manyoya tumia ya kanga au bata mzinga, yale makubwa ya bawa. Tumbusi achana nae hata umkute amekufa, wanaisha na ni nyara ya serikali. Kila mshale manyoya matatu na yote yatoke bawa la upande mmoja, ukichanganya kulia na kushoto mshale haujui uzunguke wapi. Pasua unyoya katikati ya mgongo wake kwa wembe, piga msasa mgongo mpaka ulale, kata urefu wa sentimita 11. Panga matatu kwa nafasi sawa, moja likae pembe mraba na mfereji ili likipita lielekee nje ya upinde. Acha sentimita mbili na nusu kutoka nyuma ya mshale kwa ajili ya vidole. Funga uzi mbele na nyuma, na ile ncha ya mbele ya mgongo wa unyoya ifunike kabisa kwa uzi na gundi, mimi ilinichana ngozi juu ya kidole gumba kama wembe, mshale unapita hapo kwa kasi kila unapoachia. Mwili wa mshale pakaza nta ya nyuki, ya Manyoni ni nzuri, masika yakija hautafyonza unyevu ukapinda upya.

Kupiga, jaza kiroba matambara na mifuko ya plastiki iliyoshindiliwa, kiegemeze kwenye kichuguu au tuta la udongo, hakikisha nyuma hakuna njia ya watu wala mbuzi. Kabla ya kila mshale ukunje kidogo mikononi huku unauzungusha, usikilize. Ukitoa mlio wa kukatika hata mdogo uvunje hapo hapo, usiuweke pembeni mtoto akauokota. Mshale wenye ufa ukiachiwa unavunjikia kwenye upinde na nusu ya nyuma inaingia kwenye mkono ulioshika, mimi nilitolewa kibanzi cha sentimita nne na toka hapo siruki hiyo hatua hata nikiwa na haraka. Na kamba usiiachie tupu bila mshale, upinde unapasuka. Wanyama pia usiwaguse, bila leseni ya uwindaji digidigi mmoja tu anakupeleka mahakamani.

Namba ulizoandika zinakuja kufanya kazi sasa. Piga raundi kumi za mishale sita, kila raundi andika kwenye daftari namba ipi imetua wapi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mishale yote ikienda kushoto ni migumu, ikienda kulia ni laini. Ikiwa mmoja tu unaokimbia wenzake raundi saba kati ya kumi sio wewe, rudi nao kwenye misumari miwili na chupa ya maji. Namba 4 yangu ulikuwa hivo, nikaukwangua msasa kidogo katikati, milimita moja na nusu zaidi ya kubonyea, na Jumamosi iliyofuata nikauchomoa kwenye kiroba ukiwa katikati ya namba 2 na namba 6.