Kuipa umeme geji ya joto kutoka kwenye nafasi tupu ya fyuzi

Geji ya joto iliyokuja na gari haikwambii kila kitu. Kwenye Toyota nyingi mshale ukishafika katikati unaganda hapo hapo, hata joto la maji likipanda nyuzi kumi zaidi. Ukija kuuona unapanda, hedi gasketi (ile inayoziba kati ya kichwa na bloku ya injini) iko mashakani tayari. Ndiyo maana wenye Noah na Hiace wananiomba niwafungie geji ya pembeni inayosoma namba. Sensa yake ni kazi ya spana tu. Kinachounguza magari ni umeme wake.

Niliwahi kuletewa Noah inayonuka plastiki iliyoungua. Nilipofungua kava chini ya usukani nikakuta mtu amevua ncha ya waya wa geji, akauzungusha kwenye mguu wa fyuzi ya 20A, kisha akaishindilia fyuzi irudi mahali pake. Mguu wenyewe ulikuwa ule wa upande wa moto, yaani umeme haujapita kwenye fyuzi. Waya ulipokwaruzwa na chuma cha pedali ukapiga shoti, na hapakuwa na kitu cha kuukata. Uliungua kuanzia kwenye boksi mpaka nyuma ya redio. Shika hili kabla hujagusa chochote: fyuzi iko pale kulinda waya, si geji. Waya wako lazima uanzie nyuma ya fyuzi yake yenyewe.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya umeme, waya wa milimita za mraba 0.75, terminali ya duara kwa ajili ya ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha bodi), tepu nzuri, na soketi ya kuongezea fyuzi: ile yenye miguu miwili chini, nafasi mbili za fyuzi juu na waya mfupi unaotoka ubavuni. Chomoa fyuzi moja ya gari uende nayo dukani, kwa sababu kuna saizi zaidi ya moja. Ndogo ina upana wa karibu milimita 11, ya kawaida karibu 19, na kuna ndogo nyingine fupi ambayo miguu yake haichomozi chini ya plastiki. Soketi isiyolingana italegea au itapanua meno ya boksi, na meno yakishapanuka hayarudi.

Nunua pia fyuzi ya 3A, ya zambarau. Geji moja na taa yake kwa kawaida haifiki hata ampia moja. Anayekuambia uweke 15A ili isikatike anakuandalia moto.

Hatua ya 1: Tafuta nafasi tupu yenye umeme

Boksi la ndani mara nyingi liko chini ya dashibodi, na mchoro wake uko nyuma ya kava. Nafasi nyingi ni za vitu ambavyo gari lako halikuja navyo. Baadhi hazina hata chuma ndani; hizo achana nazo. Nyingine zina chuma upande mmoja tu, ule wa moto. Hizo ndizo tunazozitaka.

Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi, na mwekundu kwenye mguu mmoja mmoja wa nafasi. Pima swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, ikiwa ACC (ile ya kuwasha redio tu), na ikiwa ON. Betri nzima iliyotulia itakupa kama 12.5.

Ukiona volti hata swichi ikiwa imezimwa, huo ni umeme wa moja kwa moja na haufai. Geji inayokula ampia 0.1 tu usiku na mchana inanyonya ampia-saa 2.4 kwa siku. Liache gari wiki moja, karibu 17 zimeondoka kwenye betri ya 40. Unachotaka ni mguu unaopata umeme swichi ikiwa ON na kufa ukiizima. Mwite mtu apige stata huku unaangalia mita: umeme wa ACC hukatika wakati wa stata na geji itazima na kuwaka upya. Si hatari, ila mimi napenda ule unaobaki.

Usiazime umeme wa kompyuta ya injini, breki za ABS au begi la hewa. Soketi za njano usiziguse hata kwa mita.

Hatua ya 2: Ondoa hasi ya betri

Hapa hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Chomeka soketi kwa upande sahihi

Wengi wanakosea hapa. Miguu miwili ya soketi haifanani kazi: mmoja unapokea umeme na kuugawa kwa fyuzi zote mbili za juu, mwingine unaurudisha kwenye gari. Kwenye nafasi tupu, mguu unaopokea lazima ukae kwenye chuma chenye moto ulichokipima. Kuujua, weka mita kwenye mlio (inalia umeme ukiwa na njia ya kupita), weka 3A kwenye nafasi ya juu zaidi ya soketi, gusa waya wake mwekundu na mguu mmoja mmoja. Unaolia ndio unaopokea. Nafasi ya pili, ile iliyo karibu na miguu, iache wazi.

Hatua ya 4: Pitisha waya na ufunge ethi

Vuta waya mbali na pedali na nguzo ya usukani, na ufunge tepu kila unapopita kwenye ukingo wa chuma. Unganisha na waya wa umeme wa geji kwa kufuata karatasi yake, kwa sababu rangi hutofautiana. Ethi ipeleke kwenye bolti inayoingia kwenye chuma cha bodi, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Bolti inayoshika plastiki tu si ethi.

Kama sensa ina waya mmoja na umeifunga kwenye kiungo kilichokatiwa hosi ya juu ya rejeta, kumbuka kiungo hicho kimezungukwa na mpira. Kivutie ethi yake mpaka kwenye injini, la sivyo geji haitasoma kitu.

Hatua ya 5: Jaribu

Rudisha hasi, washa gari. Pima volti nyuma ya geji, kisha kwenye betri. Dinamo ikichaji utaona kati ya 13.8 na 14.4, na tofauti ya sehemu hizo mbili isizidi 0.3. Injini ikishapata moto, geji itulie karibu na pale themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) inapofungukia, nyuzi 82 kwenye Toyota nyingi, au juu yake kidogo.

Sasa washa taa kubwa na feni ya hewa kwa pamoja huku umekazia macho geji. Ikiruka nyuzi tatu au nne papo hapo, maji hayajapata moto ghafla: ethi yako inagombania bolti moja na taa. Ihamishie bolti nyingine, kwangua tena, ujaribu upya.