Namna ya kucheza rolo ya koko bila kujimwagia unga kichwani: vile nilijifunza kwa Cicely Tyson

Mimi niko mufupi na sauti yangu iko nzito kidogo, basi toka niingie mu trupe yetu ya teatri hapa Bukavu ni mimi tu wananipatiaga rolo ya koko, yaani bibi muzee. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya vile wote wanafanyaga: unga ya muhogo mu nywele, makunyanzi ya penseli nyeusi kwenye uso, mugongo chini, fimbo, mukono inatetemeka, na ile sauti ya mbuzi. Watu wanacheka na wewe unajiona uko na kipaji. Sasa siku moja tulicheza mu sale ya parokia fulani, mchezo wa huzuni kabisa, mimi koko nimefiwa na mutoto, nikainamisha kichwa ili nilie, unga yote ikamwagika kwenye macho yangu na kwenye pua ya mwenzangu mwenye alikuwa ananishika, akaanza kukohoa hawezi kuacha, sale nzima ikacheka mpaka na padri. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kupanda pikipiki.

Hiyo wiki kaka yangu akanionyesha kwa telefoni yake kipande cha filimu moja ya zamani ya Marekani, mumama mweusi wa miaka 110 anatembea pole pole kuelekea robine ya maji. Nikamuuliza, huyu koko walimutoa wapi? Akacheka, akasema huyo ni aktrisi, na wakati ule alikuwa hajafika hata miaka 50. Jina lake Cicely Tyson. Toka siku hiyo nimemufuata mupaka leo, na vile watu wa trupe zingine wananiulizaga unafanyaga je, basi naandika hapa, mwenye anataka achukue.

Kwanza ujue ametoka wapi, lakini usilale mu historia. Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, wazazi wake walitoka kisiwa kidogo cha Karibi chenye kinaitwa Nevis. Mama yake alikuwa mutu wa kanisa sana, mambo ya sinema kwake ilikuwa zambi, na mutoto alipoanza kuigiza alimufukuza nyumbani, walipatana baadaye. Mbele ya kuigiza alikuwa dactilo ku Msalaba Mwekundu, anapiga mashini siku nzima, kisha akakuwa modeli wa magazeti. Mwaka 1961 alikuwa mu teatri moja New York pamoja na Maya Angelou na James Earl Jones, na mwaka 1963 akaingia mu televisheni, mu serii ya East Side/West Side, na nywele yake fupi ya asili, wakati bamama weusi kwenye ekrani walikuwa wanatengeneza nywele ikae sawa na ya wazungu. Dada zangu wa kusuka hapa Nyawera wanajua hiyo ni uamuzi ya namna gani.

Sasa filimu. Mega haziokotwi barabarani, kwa hiyo usikimbilie vyote alivyocheza, viko vingi sana. Mimi nakuambia vitu vitatu tu. Sounder ya 1972, anacheza mama mulimaji wa Louisiana, bwana yake amefungwa juu ya nyama aliiba ili watoto wakule, na yeye anabaki na shamba na watoto; hiyo ilimufikisha kwenye mashindano ya Oscar. Ya pili ni The Autobiography of Miss Jane Pittman ya 1974, njo ile ya robine. Ya tatu, serii ya How to Get Away with Murder, mwenye anacheza mama ya aktrisi Viola Davis. Pakua usiku wakati mtandao uko mwepesi, na uangalie kila kipande mara tatu: ya kwanza kawaida, ya pili bila sauti, ya tatu unaangalia miguu tu. Niko serieux, miguu tu, funika sehemu ya juu ya telefoni na mukono.

Hiyo mara ya tatu njo ilinifungua akili. Mu filimu ya Jane Pittman huyo koko alizaliwa mu utumwa, amefika mwaka 1962, na mbele ya nyumba ya tribinali kuko robine yenye imeandikwa ni ya wazungu peke yao. Anaenda kukunywa. Ni hiyo tu. Lakini angalia vile anatembea: hakuna mahali anakuonyesha kama amezeeka! Yeye anafanya nguvu yote ili atembee sawa sawa, mwili njo unamukatalia. Sisi tunacheza udhaifu, yeye anacheza kwenda. Anataka maji, na kati yake na maji kuko mita chache zenye zinamaliza nguvu. Wewe mwenye unaangalia unasahau uzee unaanza kuhesabu hatua naye.

Basi kanuni ya kwanza yenye nakupatia, na kama unachoka kusoma uishie hapa: koko hataki kuonekana koko. Nani alishaona muzee anatetemesha mukono kwa makusudi? Anauficha! Anaushika na ule mwingine, anauweka chini ya kikwembe, kitenge chenye amejifunga. Kwa hiyo wewe ukiwa kwenye sene usitetemeke, jaribu kutotetemeka.

Kisha uende uangalie bakoko wa kweli, na hapa Bukavu tuko na bahati juu mji wote ni mulima. Simama asubuhi kwenye njia ya kupanda soko ya Kadutu. Bamama wanapanda na muzigo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, wengine wameshakuwa na wajukuu wakubwa, na utaona kitu: karibu hakuna mwenye anasimama "kupumzika". Anasimama kurekebisha kikwembe. Anasimama kusalimia mutu. Anasimama kugombeza mutoto mwenye hata hakufanya kitu. Pumzi imeisha lakini hawezi kukuambia pumzi imeisha. Niliandika sababu saba za kusimama zenye niliona asubuhi moja, na mpaka leo nazitumia zote. Tafadhali usichukue video ya watu, ni aibu na watakutukana na watakuwa na haki. Salimia, "jambo mama, pole na kazi", ukiweza umusaidie kushusha muzigo, kaa karibu, nunua hata sambaza kidogo, wale samaki wadogo. Hao si maonyesho.

Ukirudi ku repetisioni, yaani mazoezi, chagua mahali PAMOJA penye panaumiza. Moja tu. Goti ya kuume, ao nyonga, ao vidole. Wanaoanza wanaumiza mwili yote na matokeo ni ile kitu inafanana na mulevi. Mimi naweka mbegu moja ya haragi mu kiatu cha kushoto wakati wa repetisioni, wiki moja, na nafunga goti na kitambaa chini ya kikwembe ili isikunjike vizuri. Siku ya kucheza natoa haragi, mwili unakuwa umeshashika. Usisahau kuitoa, mwenzangu mmoja alisahau akacheza saa moja na nusu, alilia kweli na watu wakamupigia makofi, lakini siku tatu hakuvaa kiatu.

Sauti, nitaenda haraka. Achana na mbuzi. Uzee hauko kwenye koo, uko kwenye pumzi. Chukua maneno yako, ukate kila sentensi penye pumzi ya mutu amepanda Kadutu ingekata, hata kama ni katikati ya neno lenye maana. Na bakoko wetu wakikasirika wanarudi ku Mashi, lugha ya kwetu, hawabaki kusema Kiswahili ya radio, kwa hiyo kama mchezo unaruhusu wacha neno moja mbili za nyumbani zitoke.

Makiyaji pia haraka. Kwenye ile filimu ya 1974 walimupaka Stan Winston na Rick Baker, watu wakubwa kabisa wa hiyo kazi, na walipata tuzo. Wewe uko na nani? Uko na penseli ya dada yako. Basi usishindane. Acha uso, shusha kitambaa cha kichwa karibu na nyushi, vaa blauzi kubwa kuliko mwili, viatu vya plastiki vyenye vimeshatembea. Na ujue Tyson mwenyewe hakutegemea rangi tu, mu filimu hiyo moja anakuwa Jane kijana, Jane mumama mwenye nguvu, kisha Jane wa miaka 110, na kila mmoja anakaa kwenye kiti tofauti. Jaribu hiyo: kaa kwenye kiti ukiwa na miaka 20, 45, 70, 90, bila kusema. Mwenye miaka 20 anaanguka kwenye kiti, mwenye 90 anakitafuta kwanza na mukono. Kwa ile kazi alipata Emmy mbili, tuzo kubwa ya televisheni, filimu moja.

Jambo la kuchekesha ni kwamba muda ule ule alikuwa anaficha miaka yake ya kweli. Magazeti mengi yaliandikaga kama alizaliwa 1933, watu wanamuona mudogo, na yeye anacheza mutu wa 110. Bamama ni bamama, hata Marekani.

Sasa kitu chenye kilinigombanisha na watu wa trupe. Hapa kwetu mu michezo kumi, koko akiingia, mara nyingi ni muchawi. Anaroga muke wa mutoto wake, anakula watoto, mwisho anashikwa watu wanashangilia. Tyson alikuwa anakataa rolo zenye zinashusha watu weusi, hata kama kukataa kunamuacha bila kazi. Alisimuliaga mara nyingi: wakati wa kutangaza Sounder, muzungu mmoja alimuambia ameshangaa kusikia mutoto mweusi anaita baba yake "Daddy", sawa vile watoto wake mwenyewe wanamuita. Yaani mutu mukubwa hakuwaza kama sisi pia tunaita baba baba. Ndipo akaamua kazi yake itumike kwa hiyo.

Mimi si Cicely Tyson, sina ajenti, lakini nilijaribu. Mwenye anaongoza trupe alinipatia tena koko muchawi, nikamuuliza kwa heshima:

"Papa, huyu koko anataka nini?"

"Anataka kuroga."

"Anaroga juu ya nini?"

Akanyamaza. Akasema, "Si ni koko?"

Nikamuambia papa, hapa kwetu mumama muzee anaweza kupigwa mpaka kufa juu ya maneno kama hayo, na siku moja watu watatoka mu mchezo wetu wakiwa na hasira, watarudi nyumbani, na nyumbani kuko koko. Alikasirika, siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu akaleta ukurasa mpya: koko anashitakiwa uchawi lakini kitu anaficha kweli ni pesa anawekea mujukuu wake wa kike ya kulipa masomo. Ile njo rolo nzuri kuliko zote nimecheza. Ukitaka kukataa, usiseme "sitaki", uliza "anataka nini", wengi hawana jibu.

Kuna moja tena ya uzeeni wake mwenyewe. Mwaka 1985 aliona filimu ya The Trip to Bountiful, mumama muzee anatoroka nyumba ya mutoto wake ili aone tena mji wa kwao, akamuambia ajenti wake amutafutie yake kama hiyo kisha atastaafu. Alingojea. Ilifika 2013, akaicheza Broadway, kwenye teatri kubwa za New York, akapata Tony, tuzo ya teatri, akiwa na miaka 88, na hakustaafu hata. Mule ndani anaimba wimbo wa kanisa, na watu walikuwa wanaimba naye kutoka kwenye viti vyao bila kuombwa. Usiimbe vizuri, njo siri, imba sawa mutu mwenye anafanya kazi ingine. Mimi naimbaga wimbo wenye kila mutu wa parokia anajua, wakati nachambua sombe, majani ya muhogo, na kila mara kuna mistari ya nyuma wanaanza kunifuata.

Na mikono ipewe kazi, kila mara. Mu ile serii na Viola Davis, akiwa na miaka 90, anamukalisha mutoto wake katikati ya magoti na kumuchana nywele, na maneno mazito yote ya familia yanatokea pale, kwenye kichanio. Nani kati yetu hakusikia siri za familia akiwa amekaa hivyo?

Baada ya hiyo kazi yote nilimualika koko yangu wa kweli aje kuona. Alikaa mustari wa mbele, hakucheka, hakulia, nikaogopa. Kutoka akaniambia unatembea sawa na marehemu dada yangu, lakini ule mumama nani alimufunga kikwembe? Kumbe nilikuwa nafunga fundo mbele katikati, sawa kijana anaenda soko. Yeye anafunga kwa pembeni, juu ya nyonga ya kushoto, na ncha anaiingiza ndani mara mbili, juu mule njo anafichaga pesa.