Wakikukosoa, Wakikunyamazia

Shairi langu la kwanza nililisoma barazani Kibokoni, Mombasa, baada ya Isha, jamaa wakinywa kahawa chungu. Mzee mmoja alimaliza kutafuna kashata yake, akasema, "Ubeti wa tatu wachechemea." Basi. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikiapa ana kijicho. Siku ya tatu nikauhesabu ubeti kwa vidole: kila kipande mizani, yaani silabi, 8, ila kimoja 7.

Tangu hapo, nikikosolewa sijibu. Nayaandika maneno kama yalivyotoka, nafunga daftari, nalifungua siku ya tatu. Kisha nauliza: huyu amenionyesha mahali? "Ubeti wa tatu" ni mahali, nenda kapatazame. "Wewe hujui kuandika" si mahali, na hakuna cha kurekebisha hapo. Ila mwenye kuonyesha mahali si lazima awe na dawa. Rafiki yangu alinitaka nimfute bikizee katika hadithi yangu ya feri ya Likoni. Sikumfuta. Lakini ni kweli alibwabwaja kurasa mbili kabla feri haijaondoka, nikampunguzia maneno.

Kimya ndicho kinachouma. Umempa mtu kazi yako, mwezi umeandama na kumalizika, mkikutana akuuliza bei ya samaki. Usimwulize "Umeionaje?" Atakwambia nzuri, nawe hujapata kitu. Mwulize, "Ulichoka wapi?" Hilo watu hulijibu, hata wakicheka.

Mimi humsomea mamangu mdogo akikuna nazi. Vitabu havimshughulishi, na ndiyo sababu namtaka yeye. Mbuzi ikikwaruza mfululizo, najua nampigia kelele tu. Mkono ukisita, natia alama ya penseli pembeni. Hadithi ya kurasa 6 ilipata alama 2. Nikaianza upya kutoka hapo kwenye alama.

Kuna wanaojiliwaza kwa mshairi Muyaka bin Haji, kwamba nao watatambuliwa wakishakufa. Wasijidanganye. Muyaka, aliyefariki 1840, alisikika Mombasa hii angali hai, na beti zake zilikuwa zingali vinywani mwa watu Mwalimu Sikujua alipozikusanya miaka mingi baadaye. Kwa hivyo soma kwa sauti, kwa mtu aliye mbele yako, hata akiwa na kazi nyingine mkononi.

Ila nunua nazi mbili. Moja huisha kabla ya ukurasa wa tatu.