Shada la mlangoni la majani ya vuli, lisipukutike kabla wiki haijaisha

Shada langu la kwanza lilikaa mlangoni siku nne tu. Niliokota majani mazuri mekundu na ya njano ya vuli (ule msimu wa majani kudondoka kwenye nchi za baridi, sio mvua za vuli), nikayabandika mabichi vilevile na gundi kwenye duara la boksi, nikatundika nikapiga na picha, siku ya tatu yakaanza kujikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, ya nne mtu kafunga mlango kwa nguvu, pwaa, majani yote chini na boksi limebaki linaning'inia lenyewe. Kwaiyo kabla hujawaza utepe na mapambo, waza kukausha. Kazi yote iko hapo, kupanga ni mchezo.

Majani yanageuka rangi kwa sababu siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unaisha, njano iliyokuwa imefunikwa humo ndani ndo inajitokeza, na wekundu miti mingine inautengeneza palepale mwishoni. Wakati huohuo mti unaziba njia ya maji kwenye kikonyo ili jani lidondoke. Nimetaja hii kwa sababu utakutana na ushauri wa kusimamisha tawi zima kwenye maji yenye gliserini ili majani yabaki laini, sasa hiyo inafaa kwa matawi ya kijani, jani likishageuka rangi halinywi tena chochote kupitia kikonyo, utasubiri mpaka uchoke.

Ya rangi unayazamisha. Changanya gliserini kikombe kimoja na maji vikombe viwili kwenye trei pana, laza majani humo, weka sahani juu yasielee, yaache siku mbili mpaka sita. Kila siku chomoa moja ulikunje, likikunjika bila kuvunjika limeshaiva, toa, suuza kidogo, futa na kitambaa. Rangi itakolea kidogo, usishtuke. Kama huna gliserini yabane kwenye vitabu vizito, karatasi juu na chini, wiki moja au mbili, yatatoka bapa na rangi safi ila ni mepesi kuvunjika, mi hayo nayaweka katikati ya shada sio pembeni. Na chuma yaliyogeuka rangi ila bado laini, lile linalolia kachakacha mkononi liache hapohapo chini.

Majani matupu hayatoshi lakini. Vinavyolipa shada mwili ni vitu vya kukauka vyenyewe: masuke ya ngano, nyasi zenye manyoya, vichwa vya mbegu, vitawi vya mkaratusi au rozmari. Funga mafungu madogo na mpira (sio uzi, vikikauka vinasinyaa na uzi utalegea), vining'inize kichwa chini sehemu kavu yenye giza na hewa wiki mbili hivi, jua litafifisha rangi. Koni za misonobari zikiwa zimefumba usizitupe, zikilowa hufumba zikikauka hufunguka, zipange kwenye trei uingize kwenye oveni nyuzi 100 kwa nusu saa, zitafunguka na wadudu waliojificha humo watakufa. Ila usiondoke jikoni, na tandika foili maana zinatoa utomvu.

Duara la chini, boksi sahau, likishika unyevu linapinda. Ninayoipenda mimi ni ya vitawi vya mzabibu au mmea wowote wa kutambaa (hakikisha sio wa kuwasha), kama vimekauka loweka mpaka vilainike, zungushia kwenye ndoo mara nne tano, alafu vile vinavyobaki unavisokota kuzunguka duara, vikikauka vinajishika vyenyewe bila hata msumari. Hanga ya waya iliyovutwa ikawa mviringo nayo inafaa, ila ipe unene kwa kuizungushia kitambaa. Saizi, mlango wa sentimita 90 unapendeza na shada la 45 mpaka 55 likiwa limekamilika, na kumbuka majani yanaongeza upana, kwaiyo duara lenyewe anzia 35 hivi.

Sasa kufunga. Chukua vitu vitano mpaka nane, vitawi nyuma majani mbele, ufunge kishada cha urefu wa kiganja. Tengeneza kama 16 kabla hujaanza, ukitengeneza kimoja kimoja huku unapanga hutapata ulingano. Laza cha kwanza juu ya duara, zungusha waya mwembamba mara tatu kwenye vikonyo uvute kweli, na USIKATE waya. Kinachofuata kilaze kifunike vikonyo vya mwenzake, zungusha tena, endelea hivohivo upande mmoja mpaka urudi ulipoanzia. Cha mwisho ndo kina utata kidogo, inua majani ya kile cha kwanza uchomeke vikonyo chini yake, funga, kata waya, ncha irudishe ndani isije kukwaruza mlango.

Koni zifunge na waya unaopita kwenye magamba ya chini. Gundi ya moto naitumia kwa majani mamoja mamoja ya kuziba mapengo, basi, mlango unaopigwa na jua kali gundi inalainika na vitu vizito vinadondoka. Mapambo makubwa yakusanye sehemu moja, chini kushoto kwa mfano, ukiyatawanya kote linakuwa kama keki. Wengine humalizia na spreyi ya nywele ili yasipukutike, inasaidia kiasi ila inashika moto haraka, basi mishumaa ikae mbali.

Kutundika bila kutoboa: utepe mpana upitishe nyuma ya shada, uupandishe juu ya mlango uubane kwa pini kwenye ukingo wa juu kabisa ambao hakuna anayeuona. Mlango wa chuma tumia ndoano ya sumaku. Alafu bandika vipande viwili vya sponji nyuma ya shada, chini, maana hao wa kubamiza mlango bado tunaishi nao.